Pilau Bila Karafuu

Sijawahi kuonja mvinyo maishani mwangu, lakini ninaijua mivinyo mitatu myekundu ya shamba moja la Ufaransa kuliko wengi wanaoinywa. Najua upi una ukakasi na upi umetulia. Najua upi haupatani kabisa na samaki, upi huomba nyama yenye mafuta, na upi ukikutana na pilipili huwaka mdomoni kama uliochokozwa. Yote hayo niliyajua kwa pua yangu, kwa ulimi wa mtu mwingine, na kwa ukaidi niliozaliwa nao. Watu wa kwetu Mombasa wakinisikia nikisimulia haya hunitazama kichwani kwanza, kuona kama bado nimejifunga mtandio. Nimejifunga.

Ilikuwa Dubai, katika miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nilipokuwa mpishi katika hoteli moja kubwa. Nikisema mpishi wa hoteli, watu huniona moja kwa moja na kofia ndefu nyeupe, nakata samaki mbele ya wageni. Sivyo. Mimi nilikuwa chini kabisa, jiko la wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia, nikiwapikia walinzi, wasafishaji, wabeba mizigo na wahudumu. Cheti cha upishi nilikuwa nacho, na siku ya kuajiriwa niliambiwa nitakaa huko kwa muda tu, kisha nitapandishwa jiko la juu. Muda ukawa miaka. Shida haikuwa kwamba nilipika vibaya. Nilipika vizuri mno, na hakuna mkubwa aliyetaka kusikia kelele za wafanyakazi siku nitakapoondolewa.

Jiko la juu kila mpishi alikuwa na chakula chake kwenye menyu. Jina lake halikuandikwa, lakini mle ndani kila mtu alijua bata ni wa nani na supu ya dengu ni ya nani. Nilitaka hicho tu, chakula kimoja kwenye menyu ya juu kilichotoka mkononi mwangu. Nilikitaka kwa wivu mtupu, na sioni sababu ya kuficha.

Na kulikuwa na mama yangu. Yeye ni mpishi wa arusi, Mombasa, na masufuria yake hayainuliwi na mtu mmoja. Watu huahirisha arusi wakisikia siku hiyo ana kazi kwingine. Kwake yeye neno mpishi si la kutupwa ovyo, na sijapata kumsikia akimwita hivyo mtu asiyewahi kulisha uwanja mzima. Majirani walipomuuliza habari zangu aliwajibu, "Afanya kazi hoteli, Dubai." Kwa jibu lile ungedhani mimi ni bawabu.

Kila mwaka joto likishapungua, mwanamke mmoja Mfaransa, mwenye shamba la mizabibu alilorithi kwa wazee wake, alikuja Dubai kuuza mvinyo wake, na hoteli yetu ikamwandalia karamu ya wanunuzi. Mwaka huo mpishi mkuu aliwaita wapishi wote, wa juu na wa chini. Alikuwa Mlebanoni mwenye sauti ya kufika mpaka maegeshoni, na sote tulimwita Shefu. Alipanga chupa tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya mvinyo mchanga, wa kunywewa mapema, na huo alikuwa ameshauwekea kofta zake za kuchoma. Wa pili ulikuwa wa makamo, akaupa bata wa mpishi mmoja Mhindi. Wa tatu ulikuwa mzee, uliokaa miaka katika mapipa ya mwaloni na mingine ndani ya chupa, na huo ndio uliongoja sahani kubwa, sahani ya mwisho. Alikuwa ameujaribu kwa steki akaona kila hoteli ya mjini itafanya hivyo hivyo. Akauliza nani ana kitu.

Nikanyoosha mkono.

"Wewe wa kantini?" akasema. "Unakunywa?"

"Sinywi, Shefu. Sijawahi, na sitaanzia hapa."

"Sasa utakipikiaje kitu usichokionja?"

Wenzangu walicheka kidogo. Mimi hasira ikinipanda huwa sipandishi sauti, huwa nauliza maswali.

"Shefu, Ramadhani iliyopita si ulikula futari yangu?"

Alikuwa ameila. Yeye ni Mkristo, lakini magharibi ya Ramadhani alikuwa akishuka chini na sahani yake, akipanga foleni na walinzi.

"Chumvi ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Hakuna siku hata moja niliyoionja. Nilikuwa nimefunga."

Kwetu hilo si jambo la kujisifia. Pwani nzima wanawake hupika mwezi mzima wakiwa na saumu. Wapo wanaogusa mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema, na hawakosei. Mama yangu hakuturuhusu hata hivyo. Alisema anayehitaji kuonja hajasikiliza. Alitufundisha kusikiliza kitunguu kinavyobadili sauti maji yake yakiisha, na kunusa mvuke wa wali mpaka tujue kama chumvi imefika. Nilipokosea alinyamaza tu, nami nikaliona kosa langu nyusoni mwa watu wakati wa kufuturu. Hakuna chuo kilichonifunza zaidi ya nyuso zile.

Shefu akacheka na yeye. "Yalla," akasema. "Niletee chakula. Kikishindwa, khalas, unarudi kwenye maharage yako, na sitaki tena kusikia habari ya jiko la juu."

Wa kunionjea nilikuwa naye. Alikuwa mhudumu wa mvinyo, Mganda, mtu wa kanisani kila Ijumaa maana huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, na hoteli ilikuwa imempeleka kozi ya mvinyo akarudi na misamiati mipya. Akiwa na shida aliniita nyabo, heshima ya kwao kwa mwanamke. Akiwa hana shida niliitwa dada. Wakati jiko la chini limetulia, baada ya chakula cha mchana, alikuja na mabaki ya chupa za majaribio, akasukasuka glasi, akaonja na kuanza hotuba.

"Hii ya muzee iko na matunda meusi, ngozi, tumbaku, na mwisho mrefu."

"Hayo waachie waliokupeleka kozi," nikamwambia. "Mimi niambie vitu vya nyumbani."

Alifikiri. Akaonja tena ule mchanga, kisha ule mzee.

"Unajua chai ile inalala kwa birika mpaka kesho? Ukinywa unasikia mudomo imekauka, kama mutu amepangusa ulimi na kitambaa?"

"Ukakasi huo."

"Eeh. Hii changa iko nayo mingi sana. Ya muzee imebaki kidogo, na ni ya adabu. Tena iko na tunda moja ya kwetu, nyeusi, ukikula ulimi inageuka rangi."

Nilijua anasema zambarau. Tulikumbushana jinsi kila mmoja wetu, yeye Kampala na mimi Mombasa, alivyokuwa akifunga mdomo kwa mama yake asionekane ulimi. Tangu siku hiyo tukaelewana vizuri. Aliniambia kwamba mafuta ya nyama huunyamazisha ukakasi, na kwamba pilipili huuamsha. Kitu chenye uchachu kikiwekewa mvinyo usio na uchachu, mvinyo huonekana maji. Mimi nilisikiliza kama ninavyosikiliza kitunguu.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo niliona ni la kipaji. Nilichemsha majani ya chai mpaka yakawa machungu, nikatia maji ya komamanga na tone la siki, nikaacha yapoe. Huo ukawa mvinyo wangu. Kila nilichopika nilikiweka kando ya kikombe kile, tonge moja, funda moja. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la viazi, lakini alipoonja chai yangu alikiri kwamba ina undugu na ule wa makamo.

Chakula nilichokichagua kilikuwa samaki wa kupaka. Ningechagua nini kingine? Mgeni katoka mbali, mimi ni mtu wa Mombasa, nimpe steki? Nilimpata nguru mzuri, nikamchoma, nikampaka tui zito lenye ukwaju, nikapunguza pilipili kwa sababu nilikuwa nimeonywa. Kwa chai yangu alikuwa mtamu wa kukufanya ufumbe macho. Tui liliufuta ukakasi ukabaki uchachu tu. Niliwaambia watu wa chini wajiandae kuzoea maharage ya mtu mwingine.

Siku ya kujaribiwa, Mfaransa mwenyewe alikuwa ameshafika Dubai, akaja jikoni kuonja. Alikuwa mama wa makamo, mikono yake ya mtu wa shamba, kucha fupi kuliko zangu. Alionja samaki, akatikisa kichwa kwa raha. Kisha akanywa funda la ule mzee. Akaweka glasi mezani polepole. Shefu naye akanywa, akakunja uso.

"Nini?" nikamnong'oneza mwenzangu.

Alionja na yeye. Alinihurumia, niliona. "Dada, imekuwa musumari," akasema. "Ni kama nimelamba musumari ya zamani."

Yule mama alieleza bila kejeli yoyote kwamba mvinyo mwekundu na samaki wa baharini mara nyingi hufanyiana hivyo, na kwamba samaki hana kosa wala mpishi. Lakini kosa nililiona mimi. Chai yangu ilikuwa na ukakasi wa mvinyo, ila haikuwa na tabia yake. Chai ukiipa samaki hubaki chai. Nilikuwa nimezoeana na kikombe changu nikadhani nimezoeana na chupa yake.

"Khalas," akasema Shefu, akachukua taulo lake begani na kuanza kuondoka. Masikio yalinichoma.

Mama yule akaniuliza nilikuwa nimemjaribu samaki kwa kinywaji gani. Nikamwambia ukweli, chai. Nilikuwa tayari kuchekwa, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nayo. Hakucheka. Aliuliza nimeichemsha kwa muda gani, na nilipotaja komamanga akaitikia kwa kichwa, kama mpishi kwa mpishi. Kisha akasema, "Kunywa najua hunywi. Je, kunusa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Harufu ya mvinyo ilikuwa imejaa hoteli nzima, nimeivuta miaka yote nikipita korido. Kunusa si kunywa, nikajiambia, na kama yupo anayeona vingine, basi mimi na yeye tutakutana mbele ya mwenye kuhukumu. Nikainama juu ya glasi.

Zambarau niliipata hapo hapo. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, kikavu, cha nyumbani, cha ndani ya kabati. Nilikijua. Nilikijua kama unavyomjua mtu wa mtaani kwenu ukikutana naye uwanja wa ndege, jina lake tu likagoma kuja.

"Kuna kitu humu ninakijua," nikasema. "Nipe muda nitakwambia ni nini, na nitakupikia."

Alimgeukia Shefu. Sikusikia alichomwambia, ila Shefu alirudi nusu njia na kusema, "Kesho. Mara moja tu." Nilipokuwa napanda basi la wafanyakazi, yule Mganda akanipenyezea kizibo cha ile chupa, kimefungwa kwenye kitambaa cha karatasi. Upande mmoja ulikuwa mwekundu bado.

Kizibo kile nilikilaza kwangu Al Twar na asubuhi yake nikakipeleka Al Ras. Ndani ya mkoba kilikuwa kimelaliana na tasbihi yangu, jambo ambalo halikunipendeza, basi nikaitoa tasbihi nikaishika mkononi njia nzima. Al Ras kulikuwa na duka la viungo la mzee mmoja mwenye asili ya Unguja, wazee wake walihamia huko zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha taratibu kisichoguswa na mtu. Nilikuwa nikienda kwake hata nisipotaka kununua.

"Leo nimekuja kunusa, ami," nikamwambia.

Alinifungulia magunia. Nikanusa mdalasini, sio. Iliki, sio. Kungumanga ikakaribia, ikapita. Karafuu ilinipiga puani, mbichi na kali, nayo ikawa ndiyo na sio. Nilirudi kwenye kizibo, nikarudi kwenye gunia.

"Mwanangu, wanusa kama paka jikoni," akasema. "Na hicho n'nini?"

"Kizibo, ami."

"Cha nini?"

"Cha chupa."

Alitazama dari, akavuta istighfari yake kwa upole, hakuniuliza zaidi. Nikamwuliza kama ana karafuu za zamani.

Alikasirika. "Mimi siuzi karafuu za zamani."

"Sitaki kununua. Nataka kunusa."

Aliingia chumba cha nyuma akarudi na kijisanduku cha mbao alichoachiwa na mama yake, ambacho marehemu alikuwa akiwekea nguo zake na karafuu katikati. Akakifungua. Nikainama, na jina likaja. Ilikuwa karafuu iliyokaa sana ndani ya mbao mpaka ikasahau ukali wake. Nilicheka peke yangu pale dukani. Mvinyo ule ulikuwa umelala miaka ndani ya mbao, na mbao ikauachia hicho.

"Ami," nikasema, "nitapika pilau bila karafuu."

"Pilau bila karafuu?" Alinitazama juu mpaka chini. "Mombasa wamekufukuza, au umetoroka mwenyewe? Hiyo si pilau, hiyo ni wali na nyama."

Sikumweleza. Kizibo nilikiacha kwenye pipa la taka la mtaa, nikanawa mikono msikitini, nikaenda kazini.

Nilichukua nyama ya bega la kondoo, yenye mafuta yake yote, maana mafuta yalikuwa na kazi ya kufanya. Kitunguu nilikikaanga mpaka kikakaribia weusi. Jira, mdalasini, iliki kidogo, pilipili manga chache. Kachumbari niliiondoa, pamoja na ndimu yake na pilipili yake, nikaweka vitunguu vilivyopikwa taratibu mpaka vikalainika kabisa. Kila nilipofika mahali pa karafuu mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo. Mwisho nikalifungia kabatini. Na mvuke ulipopanda, moyo uliniuma. Nilikuwa nimefundishwa kupika mpaka harufu ikamilike, na harufu hii ilikuwa na tundu katikati. Tundu la ukubwa wa karafuu. Nililazimika kuliacha wazi na kuliamini.

Yule mama siku hiyo alikuwa kwa wanunuzi wake, basi Shefu alionja peke yake, kijiko kimoja. "Kuna kitu kimepungua," akasema.

"Kunywa, Shefu."

Akanywa. Akala tena, akanywa tena, akala. Hakunisifu, wala sikuwa nimekaa mkao wa kusifiwa. "Sijui umefanya nini," akasema mwishowe. "Iandikwe." Hakuuliza zaidi, na mimi sikumwambia. Mpishi ana haki ya siri moja.

Siri hiyo ilikaribia kunimaliza. Siku ya karamu alipita akifungua vifuniko, akachota pilau yangu, safari hii bila glasi, akasimama akitafuna huku macho yako mbali. Akaondoka kwa haraka. Aliporudi ngumi yake ilikuwa imejaa karafuu.

"Nimejua," akasema. "Ulisahau karafuu."

Nikasimama mbele ya sufuria. "Sikusahau."

"Hakuna pilau bila karafuu. Hata mimi Mlebanoni nalijua hilo."

"Shefu, ukizitia humu, nitie na mimi."

Alinitazama mimi, akatazama kifuniko, akatazama saa ya ukutani. Wageni walikuwa wameshaanza kofta.

"Ikishindwa..." akaanza.

"Najua. Maharage."

Alizitia karafuu zile mfukoni mwake, akaenda zake akinung'unika kwa Kiarabu, na jioni nzima alipopita tulimnusa.

Zamu ya pilau ilipofika, niliipakua mwenyewe kwenye sahani nyeupe pana ambazo sisi wa chini tulikuwa tukizisikia tu. Yule Mganda aliongoza wenzake, kila mmoja na sahani mbili, kifua mbele. Mlango ukafunga nyuma yao. Nilisimama nikifuta meza iliyokwisha kuwa safi. Nilifikiria jiko la chini, na ule ukuta wa chumba cha kufulia unaotetemeka siku nzima, na nikajiambia sirudi. Kisha nikajiambia huenda nikarudi. Ikawa hivyo kwa muda, mbele na nyuma.

Mwenzangu alirudi na chupa tupu. "Nyabo, watu wananyamaza," akasema. "Wanakunywa, wanakula, wanaangaliana."

"Kunyamaza kwa raha au kwa taabu?"

"Sijui. Ni wazungu."

Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia yule mama mwenye shamba, amevaa gauni refu, glasi mkononi, akitafuta uso wangu. Alimpita Shefu kama hakumwona.

"Karafuu gani ulitumia?" akaniuliza. "Kila meza wananiuliza kuhusu karafuu. Niambie unainunua wapi, nataka kuipeleka nyumbani."

Shefu aligeuka polepole, mkono juu ya mfuko wake.

"Sikutia, madam," nikasema. "Hata moja."

"Lakini nimeionja. Inakuja mwishoni, inakaa."

"Hiyo ni yako. Imo kwenye glasi."

Alinikodolea macho. Akaomba kijiko, akala pilau peke yake palepale amesimama, kisha akanywa, kisha akala tena. Nikaona uso wake ukifunguka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, akasema kwamba tangu enzi za baba yake wamekuwa wakiwaambia wanunuzi kuna karafuu ndani ya mvinyo ule, nao huitikia tu kama mtu anavyomwitikia muuzaji. Usiku huo waliionja kabla hajawaambia neno. Akanisogezea glasi ninuse tena. Safari hii harufu ilikuja na jina lake. Nikafungua kabati nikampa kopo langu la karafuu, akainama na yeye. Tukawa tumesimama hivyo, kila mmoja na pua yake kwenye kitu cha mwenzake. Hakuniambia nionje, wala sikudhani angeniambia.

Nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna mpaka shingo ikarefuka. Shefu alizitoa karafuu zake mfukoni, akazimwaga juu ya meza mbele yangu, akasema, "Kesho unaanza juu. Tafuteni mtu wa maharage."

Mama nilimpigia Ijumaa.

"Mama, nimepika pilau bila karafuu, na watu wameisifu."

"Kwani zimekwisha huko?"

Nikamweleza yote, mvinyo, kizibo na sanduku la yule mzee wa Al Ras. Alivuta istighfari kwanza, na ilikuwa haki yake.

"Na hicho kinywaji hukukionja," akasema.

"Sikukionja."

"Basi wewe hiyo pilau hujaila ikiwa kamili."

"Wala sitaila, mama."

"Sasa ulijuaje karafuu yatosha?"

"Nilinusa."

Kwa nyuma nikasikia jirani ameingia, anapiga hodi na kuuliza mama anaongea na nani. Mama alisogeza simu mbali na mdomo, lakini si mbali sana.

"Ni mwanangu wa Dubai," akamwambia. "Yule mpishi."